Skrabu, Dodoki na Asidi: Kuondoa Ngozi Iliyokufa Nyumbani bila Kujiunguza

Ukisimama nusu saa kwenye duka la vipodozi Kariakoo au River Road, utasikia ombi lile lile kutoka kwa watu tofauti: "Naomba kitu cha kunitoa haya madoa." Muuzaji anashusha skrabu, anaongeza chupa ya asidi, na kama mteja anaonekana ana haraka, anamtolea na "peeling" ya kupimwa kwenye kichupa kisicho na jina. Mteja anaondoka na vyote vitatu. Anavitumia pamoja. Wiki ya tatu madoa yameongezeka, anarudi dukani kutafuta kitu kikali zaidi.

Kuna tabia moja ya ngozi nyeusi ambayo inabidi uielewe kabla hujatoa hela: ikichokozwa, inajibu kwa rangi. Mchubuko, muwasho, chunusi iliyokamuliwa, kemikali kali, vyote huziamsha seli zinazotengeneza melanini. Melanini ikizidi mahali pale, unabaki na doa la kahawia au jeusi ambalo huchukua miezi kufifia, na mengine hupita mwaka. Mtu mwenye ngozi nyeupe akijisugua kupita kiasi atawiva wekundu siku mbili tatu, basi. Sisi tunabaki na alama. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa yanaelekea upande mmoja: sugua kidogo kuliko unavyotamani.

Kazi yenyewe inayofanyika ni ndogo. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimebanana na kushikwa na mafuta, nazo hudondoka zenyewe kila siku bila wewe kuziona. Kwa kijana, seli huchukua kama wiki nne kutoka zilikozaliwa chini mpaka kudondoka. Umri ukisogea, mwendo huo unapungua, ndiyo maana ngozi ya mtu mzima hufifia na kukwaruza. Unaposugua au kupaka asidi unaisaidia ngozi kumaliza kazi iliyokwisha ianza. Tabaka hilo "lililokufa" si uchafu, maana ndilo linalozuia maji yasitoke mwilini na vijidudu visiingie. Ukiliondoa lote, umevua koti mvua ikinyesha.

Faida za kuondoa ngozi iliyokufa ni za kweli: ngozi hulainika, vitundu vilivyoziba huzibuka, losheni hupenya vizuri, na madoa mepesi hufifia taratibu. Lakini haiwezi kubadili rangi uliyozaliwa nayo, haifukii mashimo yaliyoachwa na chunusi, na haiondoi makovu yaliyovimba. Anayekuahidi weupe kwa skrabu anakuuzia kitu kingine ndani ya kopo la skrabu.

HATUA YA 1: Kagua kama ngozi yako iko tayari

Simama karibu na dirisha mchana, si chini ya taa ya bafuni. Ukiona kidonda, chunusi zenye usaha, upele unaowasha, ukurutu, fangasi, malengelenge ya homa mdomoni au sehemu iliyoungua na jua, acha. Tibu hicho kwanza. Kusugua juu ya chunusi zenye usaha ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kutoka na chunusi kumi na kubaki na madoa kumi.

Wapo pia watu ambao ngozi yao inaonekana nzima lakini haiko tayari:

Waliowahi kutumia mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua, au krimu zenye steroidi zinazouzwa kiholela kama "krimu ya kutakatisha". Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba. Ukiona mishipa midogo inaonekana usoni, au uso unawaka ukikaa jikoni au juani, hiyo si ngozi ya kusugua wala ya kupaka asidi. Muone daktari wa ngozi kwanza, na usiikatishe krimu ya steroidi ghafla kama umeitumia kwa miezi, kwa sababu ngozi huweza kulipuka vibaya zaidi.

Wanaotumia vidonge vya isotretinoini kwa ajili ya chunusi, na waliovimaliza karibuni. Hapo mwamuzi ni daktari aliyekuandikia.

Wenye historia ya makovu ya kuvimba. Kidonda kidogo tu cha asidi kifuani, begani au kwenye taya kinaweza kuota kovu kubwa.

Wenye ualbino. Ngozi isiyo na melanini ya kutosha haina kinga yake ya asili dhidi ya jua, na asidi huongeza udhaifu huo. Kwao kinga ya jua ndiyo matunzo namba moja. Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza krimu ya kuzuia jua ya Kilisun mahususi kwa ajili yao.

Mjamzito asipake krimu za retinoidi, zile za jamii ya vitamini A, na asipake asidi ya salisiliki eneo kubwa la mwili. Kitambaa laini na skrabu nyepesi vinatosha. Akitaka asidi, aulize kliniki. Mtoto hahitaji chochote kati ya haya, ngozi yake inajifanyia kazi vizuri tu.

Kama umetoka kunyoa, kutoa nywele kwa nta au kutinda nyusi kwa uzi, subiri siku mbili. Wembe na nta vimekwisha ondoa ngozi ile ile unayotaka kuiondoa.

HATUA YA 2: Chagua njia moja

Nasema moja. Skrabu na asidi siku moja ndiyo habari ya yule mteja wa Kariakoo.

Njia ya kusugua ni ya kitambaa, dodoki, skrabu na singo, yale maua ya kusugulia ya pwani. Inafaa sana mwilini, kwenye viwiko, magoti na miguu, na inafaa uso usio na chunusi kama chembe zake ni laini. Ubaya wake ni kwamba mkono wako ndio kipimo, na mkono wa mtu mwenye hasira na madoa yake hauna kipimo.

Njia ya asidi haisugui. Inalegeza kile kinachozishika seli zilizokufa ili ziachane zenyewe. Kwenye lebo utaziona kwa majina ya Kiingereza. Glycolic acid ni ya kupenya haraka, yenye nguvu, na ndiyo inayochoma wengi. Lactic acid, ambayo asili yake ni ile ile inayochachusha mtindi, ni ya upole zaidi na huvuta unyevu. Mandelic acid hupenya polepole zaidi, na kwa ngozi nyeusi yenye madoa ndiyo ningeanza nayo kama ningeipata dukani. Hizo tatu huandikwa AHA. Ya nne ni salicylic acid, inayoandikwa BHA. Hiyo huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo huingia ndani ya kitundu kilichoziba, na ni chaguo la uso wa mafuta, wenye vichwa vyeusi puani na chunusi ndogo ndogo.

Kisha angalia namba. Kwa matumizi ya nyumbani, AHA zisizidi asilimia 10, na pH ya bidhaa, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka ukali unapanda, isiwe chini ya 3.5. Asidi ya salisiliki isizidi asilimia 2. Anayeanza aanze chini zaidi: laktiki au mandeliki ya asilimia 5 inatosha kabisa. Chupa ikisema asilimia 30, 50 au 70, hiyo ni ya mtaalamu aliyesomea, mwenye dawa ya kuizima pembeni. Vivyo hivyo TCA, yaani asidi ya trikloroasetiki, ambayo huunguza ngozi mpaka kina ambacho wewe mbele ya kioo huwezi kukipima. Julai 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wake wasinunue wala kutumia asidi kali za namna hiyo bila usimamizi wa mtaalamu, kwa sababu ya majeraha ya kuungua. Chupa hizo hizo zinauzwa mitandaoni huku kwetu, na mleta mzigo anakuandikia tu "paka, subiri dakika 10".

Kuhusu kichupa kisicho na jina: kiache dukani. Kipodozi halali kina jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe ya kuisha na namba ya toleo. Tanzania, usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019 ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA; Kenya utauliza shirika lao la viwango, KEBS. Mafuta ya kuchubua yasiyo na lebo mara nyingi yamechanganywa na kemikali za kuchubua, haidrokwinoni au zebaki, na haramu hiyo haionekani kwa macho. Kuna dalili moja nzuri ya zebaki: karatasi ya maelezo ikikuambia uvue pete na mkufu wa dhahabu au fedha kabla ya kupaka, rudisha mzigo. Zebaki hula vito, na ndani ya mwili huharibu figo.

Vya jikoni na vya bafuni visivyofaa usoni ni vingi, na vinapendwa. Limau ni la kwanza. pH yake iko karibu na 2, wakati ngozi yako hukaa karibu na 5. Tena limau na ndimu vina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha michirizi myeusi; waliowahi kukamua ndimu nyingi wakakaa juani wanaijua alama hiyo mikononi. Magadi soda yanaharibu kwa upande wa pili: pH yake inapita 8, yanavunja kinga ya uchachu ya ngozi. Dawa ya meno ni ya meno. Chumvi ya mawe, sukari ya kawaida na machicha ya kahawa vina ncha, vinafaa viwiko na miguu lakini si mashavu.

HATUA YA 3: Jaribu mahali padogo

Paka kiasi cha punje ya choroko nyuma ya sikio au chini ya taya, usiku, siku tatu mfululizo. Kama ni skrabu, sugua hapo hapo kidogo na uoshe. Usijaribu kwenye kiganja, ngozi yake ni nene na itakudanganya. Ukiona vipele, uvimbe, kuwasha, au mahali pamekuwa peusi kuliko pembeni yake, bidhaa hiyo si yako hata kama dada yako imempendeza.

Ngozi yetu ikiumia haiwi nyekundu kama picha za mitandaoni zinavyoonyesha. Hugeuka kijivu, zambarau iliyokolea au kahawia nzito, na huwa ya moto ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Usingoje wekundu.

HATUA YA 4: Siku yenyewe

Fanya usiku, ili ngozi ilale kabla haijakutana na jua.

Kwa skrabu ya uso: nawa kwa sabuni ya upole na maji ya vuguvugu. Maji ya moto yanayofukiza hukausha ngozi na kuifanya iwe dhaifu. Uso ukiwa bado umelowa, chukua skrabu ya kujaa kijiko cha chai, ipake kwa ncha za vidole na uzungushe miduara midogo bila kugandamiza. Kipimo changu ni hiki: ukiona ngozi inafuata kidole, unagandamiza. Anza paji la uso, shuka puani na kidevuni, malizia mashavu kwa mpito mmoja mwepesi, kwa sababu mashavu ndiyo yanayobeba madoa. Usikaribie macho. Nusu dakika inatosha uso mzima. Nusu dakika ni ndefu ukihesabu kweli. Wengi hufika dakika tano kwa sababu ya raha ya kusikia chembe zinakwaruza. Suuza kwa maji mengi, gusisha taulo safi bila kufuta, na paka losheni uso ukiwa bado na unyevu.

Kwa asidi ya kuacha usoni: nawa, kausha, subiri ngozi ikauke kabisa, kama dakika kumi. Ngozi yenye maji hunyonya asidi haraka zaidi na ndipo moto unapoanzia. Paka mafuta ya mgando pembe za pua, pembe za midomo na chini ya macho, maana asidi hupenda kujikusanya kwenye mikunjo. Matone matatu au manne kiganjani, yagawe, yapake kwa kubandika. Kuwashwa kidogo kama dakika moja ni kawaida. Kuchoma kunakopanda badala ya kushuka si kawaida, wala si ishara kwamba "inafanya kazi". Nenda bombani papo hapo. Baada ya hapo paka losheni isiyo na manukato, ulale.

Kama bidhaa imeandikwa ya kuosha, weka saa ya simu kabla ya kupaka, sio baada. Siku ya kwanza tumia nusu ya muda ulioandikwa.

Usiku huo huo usipake retinoli, vitamini C ya maji maji, wala dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi. Zipe siku zao.

Ratiba: mara moja kwa wiki kwa mwezi wa kwanza. Ngozi ikiwa tulivu, mara mbili kwa wiki, na kwa watu wengi hapo ndipo mwisho. Kuna bidhaa zinazosema "kila siku", na kuna ngozi za mafuta zinazovumilia salisiliki hafifu kila siku. Lakini hizo huzoeshwa miezi, haziamuliwi na tangazo.

Mwilini: singo, dodoki na vya kujitengenezea

Hapa naweza kuchangamka, kwa sababu ngozi ya mwili ni nene na inavumilia, na sisi watu wa pwani hatukufundishwa na mtu kuitunza. Unguja, bwana harusi hajafika mlangoni, bi harusi ameshasuguliwa singo siku nyingi. Singo ni mchanganyiko wa maua na majani ya kunukia, asmini, mlangilangi, waridi, rehani, mkadi, pamoja na liwa, vinapondwa na kulowekwa kwa marashi, kisha mwili unasuguliwa mpaka takataka zinadondoka kwenye mkeka. Mikono ya somo, yaani kungwi wa bi harusi, inayojua kazi hiyo haina haraka. Hupaka, huacha ikauke nusu, kisha husugua kwa kiganja kizima kuelekea moyoni, na inapong'ang'ania huongeza marashi badala ya kuongeza nguvu.

Ukitaka kuifanya mwenyewe, saga vilivyokauka, uchekeche kwa chekecheke la unga, na vile vijiti vinavyobaki juu vitupe. Ndivyo vinavyochana ngozi. Ponda na marashi ya waridi mpaka iwe kama uji mzito. Karafuu ya unga iwe kidogo sana, mafuta yake huunguza ngozi laini, na usiweke kabisa kwenye makwapa na sehemu za siri. Manjano hutia rangi, kwa hiyo kwenye mashuka meupe jihadhari. Bi harusi asianze singo siku ya kuamkia harusi. Aanze wiki mbili kabla, kusudi kama kuna ua linalomkataa ajue mapema, na siku tatu za mwisho aache ngozi ipumzike. Watu huongeza limau "kung'arisha". Usiongeze.

Ukiwa bara na asmini huna, changanya vijiko viwili vya chakula vya unga wa mchele uliosagwa laini na kijiko kimoja cha asali na mtindi wa kulainishia. Huo unafaa hata usoni. Kwa mwili, sukari laini vijiko viwili kwa kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi usoni huziba vitundu vya watu wengi, yaache mwilini. Tengeneza ya siku hiyo tu: ikiingia maji na ikakaa bafuni, inaota ukungu. Na weka mkeka wa mpira chini, kwa sababu sakafu ya saruji yenye mafuta imewaangusha wengi kuliko skrabu ilivyowachuna.

Dodoki ni zuri, tena la kwetu, lakini linakaa na maji. Bafu lisilo na dirisha Mombasa au Dar halikaushi kitu, na dodoki bichi ni nyumba ya bakteria. Likamue, litundike nje kwenye kamba ya nguo lipigwe jua, na kila wiki tatu au nne chukua jipya. Lile la plastiki linaweza kufika miezi miwili. Usitumie la mwenzako, hata mumeo. Lisitumike usoni.

Vipele vidogo vigumu nyuma ya mikono na mapajani, vile vinavyofanana na ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, havitoki kwa kusugua. Vinatulia kwa losheni yenye urea au asidi ya laktiki inayopakwa kila siku baada ya kuoga, na ukiacha vinarudi. Ni maumbile, si uchafu.

Miguu na ndevu

Magaga yanahitaji maji kabla ya jiwe. Loweka miguu dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu, sugua kwa jiwe la miguu upande mmoja, si mbele na nyuma kama unanoa kisu, kisha kausha katikati ya vidole, paka krimu yenye urea au mafuta ya mgando na uvae soksi ulale nazo. Wembe, stili waya na msasa wa seremala niliwahi kuviona vyote vitatu vikitumika kwenye nyayo. Ukikata magaga, ngozi hujihami kwa kuota nene zaidi. Mwenye kisukari asijisugue na jiwe wala asiloweke miguu. Anaweza kujikata au kuungua bila kusikia, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari ni habari ya hospitali. Kwake ni kukagua nyayo kila siku na kupaka mafuta, basi.

Kina kaka wenye vipele vya ndevu shingoni: nywele ya kipilipili ikikatwa chini kabisa hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Salisiliki ya asilimia 2 usiku usio wa kunyoa, mara mbili kwa wiki, husaidia kuifungulia njia. Kunyoa kwa mashine inayoacha ndevu kidogo husaidia kuliko asidi yoyote. Baada ya wembe, spiriti na skrabu viache.

HATUA YA 5: Jua

Asidi za AHA huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi zaidi, na hali hiyo hubaki kama wiki moja baada ya kuacha kuzitumia. Kwa hiyo kama hutaki krimu ya kuzuia jua, usinunue asidi. Hela yako itafanya madoa.

Paka krimu ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha nguvu yake ya kuzuia jua), kila asubuhi, hata mawingu yakitanda. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa kwenye urefu wa vidole viwili. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Wengi tumezikataa krimu hizi kwa sababu zinaacha uso wa kijivu kama umepakwa unga. Zipo za rangi ya kahawia, na kwa wenye madoa hizo ndizo bora, kwa sababu oksidi ya chuma inayozipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida ambao huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi. Bodaboda wavae mikono mirefu. Mtandio, kofia pana na mwavuli havina madhara wala bei kubwa.

Ukishazidisha

Ngozi iliyozidishiwa hung'aa kama karatasi ya nailoni, hubana baada ya kunawa, na hata maji matupu au losheni uliyoizoea huanza kuchoma. Vipele vidogo hutokea mahali ambapo havikuwepo. Wengi hapo hudhani ni uchafu unatoka, wakaongeza kusugua.

Acha kila kitu. Kwa wiki mbili hadi nne ni sabuni ya upole usiku, maji tu asubuhi, losheni isiyo na manukato, mafuta ya mgando juu yake usiku, na kinga ya jua mchana. Ngozi inayobanduka usiivute, ikate kwa mkasi mdogo safi ikining'inia au iache idondoke. Ikishatulia kabisa, anza upya kwa mara moja baada ya wiki mbili, na kwa bidhaa hafifu kuliko ile ya mwanzo.

Asidi ikikuunguza kweli, yaani maumivu makali, malengelenge, au mahali pamekuwa peupe kama chokaa, fungulia maji ya bomba yapite hapo kwa dakika 20. Kama bomba halitoki, mwaga kwa kata, usisimame. Usipake dawa ya meno, ute wa yai, asali wala magadi kuizima. Ikiingia jichoni, fungua jicho chini ya maji muda huo huo na uende hospitali, usingoje kuona kama litapoa.

Doa jipya ambalo halijaanza kufifia baada ya miezi mitatu, au kidonda kisichofunga baada ya wiki mbili, ni vya daktari wa ngozi. Hospitali za rufaa zina kliniki zao, na Moshi, pale KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Unapokwenda, beba chupa zote ulizotumia, hata zilizokatika lebo, na kile kichupa kisicho na jina pia. Kama ni mkorogo, sema ni mkorogo. Daktari hatakusuta, ameshauona sana, na matibabu atakayokupa yanategemea anachokijua kuhusu kilichopita juu ya ngozi hiyo.